Mtoto wa usanifu anahitaji kompyuta, lakini mnunulie daftari kwanza

MIAKA miwili iliyopita, mwezi wa Agosti, dada yangu anayefanya biashara ya vitenge na sabuni mpakani Busia alinipigia simu usiku. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu hapa Kampala kusomea usanifu wa majengo. Nilitegemea kusikia vigelegele. Badala yake nikasikia wasiwasi.

"Kaka, wanasema mtoto lazima awe na kompyuta ya kubeba, tena si hizi za kawaida, ile yenye nguvu. Iliyotumika tu inakwenda Sh2,500,000. Hiyo ni nusu ya mzigo wangu dukani. Wewe ndiye mwalimu wa michoro. Ninunue au nisinunue?"

Nilimjibu haraka kuliko ilivyofaa. Nilimwambia asinunue. Nikasema msanifu ni mkono na jicho, kompyuta ni pambo, mtoto ajifunze penseli kwanza na mambo mengine yatajipa. Dada yangu akanishukuru, akalala usingizi.

Nilikosea. Naandika leo kueleza nilikosea wapi, maana najua wazazi wengi wa Busia, Malaba, Mutukula na Elegu wanaulizana swali lile lile kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa. Lakini nataka pia kueleza mahali ambapo sikukosea, maana mashine peke yake nayo ilikaribia kumwangusha mpwa wangu.

Kwanza niseme imani yangu katika penseli ilitoka wapi. Familia yetu ilitoka Luweero mwaka 1983 wakati wa vita, tukavuka Malaba tukiwa na godoro moja na sufuria mbili. Nilikuwa na miaka mitano. Nilianza darasa la kwanza Bungoma mwaka 1985, mwaka ule ule ambao Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4, na nikasoma huko hadi kidato cha nne.

Marehemu baba hakuwa fundi wala msanifu. Lakini jioni nyingi alichukua kijiti akatuchorea nyumba yetu ya Luweero kwenye vumbi la uani. Hapa sebule, hapa chumba cha mama, hapa jiko, hapa mfenesi. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, kisha kuku wanapita na nyumba inafutika. Kesho yake anaichora tena. Tulipocheka, alisema hataki tusahau kwetu.

Tuliporudi mwaka 1997 tulikuta kichaka. Baba alisimama mahali akaanza kuhesabu hatua, mara kumi na moja huku, mara nane kule, akatuambia tufyeke. Msingi ulikuwa pale pale. Tukajenga juu yake, na mama bado anaishi humo.

Nadhani wengi wenu mliorudi mna hadithi inayofanana na hiyo. Ndiyo sababu huwaambia wanafunzi wangu kwamba mchoro wa mkono ni mali unayoweza kuvuka nayo mpaka bila kutozwa ushuru. Hauhitaji umeme wala chaji, na askari hawezi kukunyang'anya.

Ila imani hiyo ilinifanya niwe mkaidi. Muhula wa kwanza mpwa wangu alifanya vizuri, maana kazi nyingi zilikuwa za penseli na karatasi. Muhula wa pili wakaanza kutakiwa kuwasilisha modeli za kompyuta. Yeye hakuwa na mashine. Mchana alipanga foleni kwenye chumba cha kompyuta, na usiku alisubiri mwenzake alale ndipo aazime yake, akafanya kazi kuanzia saa saba za usiku hadi alfajiri. Alama zikashuka, afya nayo ikashuka. Aliponiambia, alisema kwa upole tu: "Mjomba, penseli ninayo. Lakini wenzangu wana penseli na mashine."

Sikuwa na jibu. Nilimpigia dada yangu, nikamwomba radhi, tukachangishana, na kufikia Pasaka kompyuta ikanunuliwa.

Huenda msomaji anajiuliza hiyo modeli ni kitu gani. Ramani ya kawaida ya nyumba ni kama mtu anayeitazama akiwa juu ya mti, paa likiwa limeondolewa. Unaona kuta na milango, lakini huoni kimo. Modeli ya kompyuta ni nyumba nzima iliyosimamishwa ndani ya mashine kwa vipimo vyake halisi. Unachora mstatili wa sakafu, unauvuta juu ukawa ukuta, unatoboa dirisha, unaweka paa. Kisha unaizungusha, unaingia ndani, unatazama kutoka mlangoni kama mgeni. Ukibadilisha ukuta mmoja huna haja ya kuanza upya michoro yote, kazi ambayo kwa mkono ingekula siku nzima.

Likizo ile mpwa wangu alikwenda Busia kukaa na mama yake. Nilimpa kazi moja. Nikamwambia apime kibanda cha mama yake na kukichora kwa mkono, halafu akiweke kwenye kompyuta. Kibanda kile kinatazama magharibi. Kwa miaka mingi dada yangu amelalamika kwamba jua la jioni linampaushia vitenge vya mbele, ingawa ana kibaraza cha turubai kilichotokeza mita 1. Programu nyingi za modeli zina sehemu ya jua. Unaiambia uko wapi duniani, tarehe gani, saa ngapi, nayo inakuonyesha kivuli kitakapoangukia. Akaweka saa kumi na moja jioni. Kumbe saa hiyo jua limeshuka kiasi kwamba turubai la mita 1 linakinga takriban nusu mita tu ya ukuta. Vyote vilivyo chini vinapigwa jua. Kulirefusha turubai kungeziba njia ya watu. Dawa ilikuwa pazia la kushusha jioni, la matete au la turubai jepesi. Dada yangu aliishona siku iliyofuata. Kwa mara ya kwanza aliona ile Sh2,500,000 ikifanya kazi mbele ya macho yake.

Hapo nikakubali. Penseli yangu isingenipa jibu hilo kwa haraka namna hiyo.

Lakini sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka wa pili ulipoanza, binti alikuwa ameinogewa mashine. Daftari la michoro akaliacha nyumbani kwangu, chini ya meza. Alikuwa akikaa mbele ya kioo kuanzia wazo la kwanza hadi la mwisho. Akatengeneza nyumba ya ghorofa moja ambayo, nakiri, ilipendeza kuliko nyumba nyingi za Kololo. Vioo vilimeta, miti ilikuwa na kivuli, hata gari lilikuwepo limeegeshwa. Akaenda kuiwasilisha mbele ya jopo la walimu.

Mwalimu mmoja hakuuliza chochote kuhusu vioo. Alimpa karatasi tupu na kalamu, akamwambia, "Nichoree hizo ngazi, kwa dakika tano, uniambie zinafikaje juu." Binti akachora, akasimama, akafuta, akachora tena. Hakuweza.

Shida yake ni hesabu ambayo fundi yeyote mzuri anaijua kichwani. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu alikuwa na mita 3. Ukitaka vipandio vya kimo cha sentimeta 16 au 17, ambavyo mzee anaweza kupanda bila kushika magoti, unahitaji vipandio 18. Kila kimoja kikiwa na nafasi ya unyayo ya sentimeta 28, ngazi iliyonyooka inahitaji karibu mita 5 za sakafu. Yeye alikuwa na mita 3 na nusu. Kwenye kompyuta alizibana tu ngazi hadi zikaingia. Zikaingia kweli, lakini kwa mguu wa binadamu ilikuwa ni kama kupanda darini. Mashine haikumkemea. Mashine ni mtumishi mtiifu mno, ukimwamuru akujengee upuuzi atakujengea, tena ataupaka rangi nzuri.

Angechora ngazi zile kwa mkono mara tatu kabla ya kuwasha kompyuta, angegundua kwenye mchoro wa kwanza. Mkono unapochora kipandio, mwili unakumbuka kupanda. Hapo ndipo sikuwa nimekosea.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa msanifu anayeanza, naomba nitofautiane nao kidogo. Mchoro wa haraka una baraka zake kwa sababu ni wa bei rahisi. Ukitumia dakika mbili kuchora wazo baya, umepoteza dakika mbili, unalitupa na kuchora jingine. Ukitumia siku tatu kulipamba wazo baya kwenye kompyuta, unaanza kulipenda. Huwezi tena kulitupa, unalitetea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji makosa mengi ya bei rahisi, wala si kosa moja la gharama kubwa.

Jambo jingine ni kwamba nyingi ya programu za kuanzia hazijui uzito. Wazee wetu wa pwani waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Unguja walijua kwamba boriti la mkoko halibebi dari kubwa, kwa hiyo vyumba vyao ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3 upana. Mti wenyewe uliwaamulia chumba. Kwenye kompyuta unaweza kuvuta sakafu mita 12 bila nguzo hata moja, nayo ikaning'inia hewani kwa raha zake. Anayejua kwamba itaanguka ni yule tu aliyekwenda kwenye ujenzi, akashika nondo, akachora nguzo na boriti kwa mkono wake.

Wapo watakaoniambia kwamba majengo mazuri ya Kampala yalichorwa bila kompyuta. Ni kweli. Jumba la makumbusho la Uganda pale Kira Road, lililosanifiwa na Mjerumani Ernst May, lilifunguliwa mwaka 1954. Ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza ni wa mwaka 1959. Kanisa la Mashahidi la Namugongo, lililosanifiwa na Mswisi Justus Dahinden kwa umbo la nyumba yetu ya asili, lilitabarukiwa mwaka 1975. AutoCAD, programu ambayo wachoraji wengi wa ramani waliianzia, ilitoka mwaka 1982. Lakini hoja hiyo isitudanganye. Hata majengo mabovu ya zama zile yalichorwa kwa penseli. Na ofisi ya leo haitamwajiri kijana anayejua penseli peke yake.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao hapa hapa Kampala, juu ya kilima cha Kasubi. Nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kwa miti, matete na nyasi, upana wake mita 31 hivi. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2009 wataalamu wa shirika la CyArk la Marekani na wenzao waliipima Kasubi kwa mashine za miale ya leza, wakaiweka ndani ya kompyuta nukta kwa nukta. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ile ikateketea kwa moto.

Hebu fikirini. Nyumba ilikuwa majivu, lakini vipimo vyake vilikuwa salama. Hakuna penseli ambayo ingehifadhi vipimo vingi namna ile. Anayesema kompyuta ni pambo, kama nilivyosema mimi, na akumbuke Kasubi.

Lakini kompyuta haikuezeka hata tita moja la nyasi. Kuezeka nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, ukoo wa mbega, nao hurithishana ujuzi huo mkono kwa mkono. Pete 52 za ndani ya paa, zinazowakilisha koo 52 za Buganda, hufungwa na vidole vya watu. Ujenzi mpya ulichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 tu ndipo UNESCO ilipoitoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mashine ilitunza umbo na mikono ikatunza ujuzi. Kingepotea kimoja, tungebaki nusu.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, jibu langu jipya kwa lile swali la dada yangu ni hili.

Kwanza, siku mtoto anapopata barua ya chuo, mnunulie daftari la karatasi nyeupe na kalamu za wino, kabla ya kitu kingine chochote. Halizidi bei ya chakula cha mchana. Kila siku achore michoro mitatu, mmoja wa nusu dakika, mmoja wa dakika mbili, mmoja wa dakika kumi. Achore Old Taxi Park, achore Owino, achore foleni ya malori Malaba. Asitumie kifutio. Katika kila mchoro aweke mtu aliyesimama, ili ajue mlango ni mkubwa kiasi gani. Na ajue kupima kwa mwili wake, shubiri yake ni sentimeta ngapi, hatua yake ni sentimeta ngapi.

Pili, kompyuta nunua, lakini uliza chuo inahitajika lini hasa na ya nguvu gani, kabla hujatoa fedha. Mara nyingi kuna miezi kadhaa ya kujikusanya. Usikopeshwe kwa riba ya kuua ili tu mtoto afanane na wenzake siku ya kwanza. Ila isipite muhula wa kwanza. Nilimchelewesha mpwa wangu na najuta.

Tatu, usinunue nakala za wizi za programu zinazouzwa mitaani, mara nyingi zinakuja na virusi. Blender na FreeCAD ni za bure. SketchUp ina toleo la bure la kwenye intaneti. Kampuni ya Autodesk hutoa leseni za bure kwa wanafunzi. Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, kazi ihifadhiwe mahali pawili kila siku, ndani ya mashine na kwenye flashi.

Nne, mtoto afuate utaratibu huu. Mawazo matatu kwa mkono kabla ya kuwasha mashine. Kisha modeli, kwa vipimo halisi. Kisha achapishe modeli ile, aweke karatasi nyembamba juu yake, achore tena kwa mkono mahali panapomsumbua. Arudi kwenye mashine. Mkono uulize, kompyuta ipime, mkono uulize tena.

Kwa sisi walimu wa sekondari, mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 umetupa somo la Teknolojia na Usanifu. Tusilifundishe kwa ubao na daftari la kunakili tu. Shule isiyo na kompyuta hata moja bado ina uwanja, vijiti na vumbi. Baba yangu hakuhitaji zaidi ya hivyo.

Na kwako wewe unayejenga, hasa tuliorudi tukiwa na hamu ya kusimamisha nyumba upesi baada ya miaka ya kupanga vyumba vya watu. Siku hizi kijana anakuja na picha ya nyumba inayong'aa kwenye simu. Pengine kaitoa kwa akili mnemba kwa sekunde chache, nawe unavutiwa. Kabla hujampa shilingi, mpe karatasi na kalamu. Mwambie akuchoree hapo hapo ngazi zinapoanzia, maji ya paa yanapokwenda, shimo la choo lilipo, na jua la jioni linapoingia. Akiweza, msikilize. Asipoweza, picha ile si nyumba, na fedha uliyoichuma kwa jua la mpakani itazikwa kwenye msingi.

Makerere ilianza kufundisha usanifu majengo mwaka 1989. Kabla ya hapo, Mganda aliyetaka taaluma hii alivuka mpaka kwenda Nairobi au mbali zaidi. Watoto wetu leo wanaisoma nyumbani, na hilo si jambo dogo kwa watu tuliosoma ugenini. Tusiwaangushe kwa kuwanyima mashine, wala tusiwaangushe kwa kuwapa mashine peke yake.

Mpwa wangu alilichukua tena daftari lake chini ya meza yangu. Juzi alikuja na mchoro wa nyumba ya bibi yake ya Luweero, ameuchora kwa dakika kumi akiwa amekaa chini ya mfenesi. Alihesabu hatua za msingi kama babu yake, kisha akapima kwa tepu. Anasema baba yangu alikosea kwa nusu hatua tu.

Mwandishi ni mwalimu wa shule ya sekondari jijini Kampala.